Nani yuko "hapa"? Kompyuta ya Niemba kati ya itifaki mbili

Wenzangu kitivoni wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu anayesomea lugha za Kiafrika alirudi kutoka Niemba na daftari lenye namba za kompyuta nyingi kuliko maneno. Tulikuwa na sauti za kutuma Lubumbashi na sauti zikakataa kupita. Nilipotafuta chanzo nikakutana na somo la sarufi la mwaka wa pili: vionyeshi vya mahali, yaani *hapa*, *hapo* na *pale*. Makala hii inaeleza jinsi kompyuta inavyotayarishwa ili programu zake ziweze kuzungumza kupitia itifaki zaidi ya moja, na kwa nini programu nyingine hukwama hata pale ambapo mkalimani yupo na anafanya kazi yake vizuri.

Niemba iko kwenye reli ya Kalemie na Kabalo, reli iliyofika ziwani mwaka 1915. Ukikaa siku moja sokoni utasikia Kiluba, Kiholoholo, Kifaransa cha ofisini, na Kiswahili kinachowakutanisha wote. Sisi tulikwenda kwa ajili ya Kiholoholo, ambacho vijana wengi tuliokutana nao wanakielewa kuliko wanavyokisema. Miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliteketeza vijiji vingi vya mkoa wa Tanganyika na kuwafukuza watu wengi mno makwao. Kwa hiyo mzee mmoja, baada ya kutupa saa nzima ya masimulizi ya uvuvi wa mto Lukuga, hakuuliza atapewa nini. Aliuliza sauti yake italala wapi usiku ule. Alitaka ikae sehemu mbili kabla hatujapanda pikipiki kuondoka, na tukamwahidi.

Vifaa vyetu vilikuwa simu tatu za kurekodia, kompyuta moja ya mkononi inayotumia Linux, betri ya gari na sahani ya jua. Kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta hatukuhitaji intaneti. Kompyuta ilifungua Wi-Fi yake yenyewe, ikajipa anwani 10.42.0.1, na kila simu ikapewa anwani ya jirani. Shida ilianza kutoka kompyuta hiyo hadi seva ya kitivo, kupitia simu ya nne iliyokuwa kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Programu tuliyokabidhiwa kwa kazi hiyo ilikuwa ya zamani na ilituma mafaili kwa itifaki ya FTP. Iliingia, ikapokea salamu ya seva, ikakubaliwa neno lake la siri, halafu faili la kwanza lilipotakiwa kuondoka ikaganda. Kila tulipojaribu tena, iliganda palepale.

Kabla ya kwenda mbele, maneno mawili. *Itifaki* limetoka Kiarabu na maana yake ya kwanza ni makubaliano. Nalipenda kuliko neno la Kifaransa tulilozoea kulisikia, kwa sababu linasema wazi kwamba hakuna itifaki ya mtu mmoja. Na kompyuta iliyounganishwa na mtandao huitwa *kompyuta mwenyeji*. Mwenyeji ni mwenye mji: mtu wa mahali, na pia mtu anayepokea wageni. Kompyuta ya namna hiyo ina mambo yote mawili. Ina anwani, kwa hiyo ina mahali, na ina programu zinazopokea wanaobisha hodi.

Ujumbe wa mtandaoni husafiri kama barua ndani ya bahasha. Juu ya bahasha pana anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, na hiyo ni kazi ya itifaki ya intaneti, IP. Ndani mna barua, ambayo ni kazi ya programu. Sasa kampuni za simu zina wateja wengi kuliko anwani, kwa hiyo simu ya Niemba haipewi anwani inayojulikana duniani. Inapewa anwani ya ndani, pengine inayoanza na 10, pengine iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Ujumbe unapotoka kwenda dunia pana, mashine ya mpakani hufuta anwani ya ndani kwenye bahasha na kuandika ya kampuni. Jibu likirudi, inafuta tena na kumrudishia mwenyewe. Mashine hiyo ni karani wa bahasha. Kwa kawaida barua haiifungui.

FTP, kama ilivyoandikwa mwaka 1985, hutumia njia mbili: moja ya maagizo, nyingine ya mafaili yenyewe. Kwa desturi yake ya zamani, mteja ndiye anayemwambia seva pa kuileta njia ya pili, na anamwambia *ndani ya barua*. Kompyuta yetu iliandika hivi:

PORT 192,168,43,20,195,80

Namba nne za kwanza ni anwani, mbili za mwisho ni poti: 195 mara 256, jumlisha 80, inakuwa 50000. Kwa maneno ya watu: "Niletee hapa." Lakini 192.168.43.20 ni *hapa* ya chumba chetu tu, anwani iliyotolewa na ile simu ya nne, na simu nyingi duniani hutoa anwani kama hiyo kila siku. Bahasha ilipofika Lubumbashi ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili, na simu na kisha na kampuni, na ilikuwa sahihi kabisa. Barua ndani yake ilikuwa bado inasema *hapa*. Seva ikatafuta 192.168.43.20 huko iliko, isimwone mtu.

Kila aliyewahi kutuma kikaratasi kwa mkono wa abiria anaijua hali hii. Mtu wa Niemba anaandika, "Mwambie shemeji alete dawa hapa." Abiria anafika Kalemie, anampa jirani ampelekee mhusika, jirani anakisoma kwa sauti uani kwake, na mwanamke mmoja anauliza: hapa wapi? Karatasi haikupotea, mwandiko haukufutika, lugha wote wanaijua. Kilichobaki Niemba ni mahali aliposimama msemaji alipokuwa akiandika.

FTP ina desturi ya pili, ambapo seva ndiyo inayosema, "Njoo wewe." Tukaijaribu. Seva ya kitivo nayo imekaa nyuma ya ukuta wake, na ikatuandikia anwani yake ya ndani. Tukawa tumebadilisha *hapa* ya Niemba kwa *hapa* ya Lubumbashi, na kompyuta yetu ikaanza kumtafuta jirani asiyekuwepo.

Dawa ilikuwepo tangu mwaka 1998, na kwa mtu wa sarufi ya Kibantu inafurahisha. Wahandisi waliongeza agizo linaloitwa EPSV. Seva ikiulizwa hivyo hujibu kwa mabano yenye vijiti vitatu mfululizo, namba ya poti, na kijiti cha mwisho, kwa mfano (|||50210|). Kati ya vile vijiti vitatu ndipo ilipotakiwa kuandikwa aina ya anwani na anwani yenyewe, na pameachwa patupu kwa makusudi. Maana yake: tumia anwani ileile uliyonipatia, badilisha mlango tu. Kwa Kiswahili hiyo si *hapa* tena, ni *hapo*. Ile *-o* ya urejeshi, tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani, huelekeza kwenye mahali ambapo wazungumzaji wawili wameshapataja au wanapajua. *Hapo* haimlazimishi msikilizaji kujua msemaji amesimama wapi. Inamtaka akumbuke mazungumzo tu. Msimamizi wa seva alifungua poti kadhaa kwenye ulinzi wake, tukabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio ya programu, na faili likaanza kuondoka.

Ningeweza kuishia hapo kama lengo lingekuwa faili moja. Lakini msimamizi alituambia kwamba seva inatayarishwa kwa itifaki mpya ya intaneti, na programu yetu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyedhani kwamba itifaki ni moja milele.

Itifaki ya zamani, IPv4, iliandikwa mwaka 1981. Anwani yake ina biti 32, kwa hiyo haziwezi kupita bilioni 4.3 hivi, ambazo ni chache kuliko watu wa dunia. Ghala kuu liliisha tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, lilianza kupima kwa kibaba Aprili 2017 na likabana zaidi Januari 2020. Itifaki mpya, IPv6, ina anwani za biti 128, na idadi yake haina maana kuiandika. Jambo la muhimu ni kwamba IPv6 si lahaja ya IPv4. Kompyuta inayojua ya zamani tu haisikii ya mpya kama Mkongomani anavyosikia Kiswahili cha Unguja, kwa shida lakini anasikia. Haisikii kabisa.

Intaneti imewahi kubadilisha lugha kwa siku moja. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta za ARPANET, mama wa intaneti, ziliacha itifaki yao ya kwanza na kuhamia TCP/IP. Ziliwezekana kuhamishwa kwa sababu zilikuwa za kuhesabika. Leo hakuna wa kutoa amri hiyo, na ndiyo maana miongo inapita huku itifaki mbili zikiishi pamoja, jambo ambalo mwanaisimu yeyote angelitabiri: jamii kubwa haiachi lugha, inaongeza nyingine.

Njia iliyo safi ni uwililugha. Kompyuta mwenyeji inapewa anwani mbili, moja ya kila itifaki, na programu inachagua. Inachaguaje? Programu iliyoandikwa vizuri haiulizi namba, inauliza jina. Ikipata majibu mawili huanza na IPv6, na ikiona kimya kwa robo sekunde hivi hubisha pia kwa IPv4 bila kuacha ya kwanza. Atakayeitika mbele ndiye atakayezungumza naye. Utaratibu huu una jina la mzaha, Happy Eyeballs, na uliandikwa upya mwaka 2017. Mama wa soko la Niemba anaufanya kila asubuhi: anamkaribisha mgeni kwa Kiswahili, akimwona anasitasita anatupa Kiluba kabla mgeni hajafika meza ya pili.

Lakini kuna programu za lugha moja ambazo hakuna wa kuziandika upya. Kwa hizo wahandisi wamemweka mkalimani ndani ya kompyuta yenyewe. Maandishi yake ya kwanza ni ya mwaka 2000, na ya mwaka 2012 ndiyo yaliyoyaunganisha. Programu ya IPv4 inapouliza jina la seva iliyo na IPv6 tu, mkalimani huyo hulidaka swali, huchukua anwani halisi na kuificha, kisha huipa programu anwani ya IPv4 ya kubuni, kama jina la utani. Programu inaita jina la utani, mkalimani anageuza, seva inaitika, naye anageuza kurudi. Programu haijui kitu. Simu nyingi za Android hubeba ndugu yake tangu 2013: pale mtandao unapokuwa wa IPv6 pekee, simu hugeuza maneno ya programu kongwe kwenda IPv6, na mtambo wa kampuni huyarudisha tena IPv4 upande wa pili. Tafsiri mara mbili, Kiluba kwenda Kiswahili kwenda Kiluba.

Na wote hawa, karani wa mpakani, mkalimani wa ndani ya kompyuta, mtambo wa kampuni, wanashindwa pale pale. Wanageuza bahasha. Programu iliyoandika anwani *ndani* ya barua, au iliyokariri anwani ya seva kwa namba badala ya kuuliza jina, inawapita. Ikikariri namba, hakuna swali la kudaka, hivyo hakuna jina la utani la kutoa. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilianza kuzidai programu zote za duka lake zifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee, na ushauri wake mkubwa kwa waandishi ulikuwa huohuo: acheni kuandika namba.

Nasita kulinganisha watu na mashine, hasa Niemba. Tarehe 8 Novemba 1960 doria ya askari kumi na moja wa Ireland, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa na kuongozwa na Luteni Kevin Gleeson, ilishambuliwa karibu na daraja nje ya mji huu. Tisa waliuawa, na Waluba pia waliuawa. Masimulizi ya upande wa Ireland yanasema luteni aliwasalimu waliomkabili kwa neno *jambo*. Neno lilikuwa la Kiswahili na kila mtu alilijua. Lakini Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai, Waluba wa kaskazini walikuwa wakipigana na majeshi ya kujitenga huko, na salamu peke yake haikuweza kumwambia mtu huyu mweupe mwenye bunduki ametoka upande gani. Vifo vile vilikuwa na sababu nyingi kuliko salamu. Ninachokichukua ni kidogo tu: neno linaweza kufika zima na bado msikilizaji asijue limesemwa kutoka wapi.

Turudi kwenye kompyuta, kwa anayetaka kuitayarisha. Kwanza hakikisha mwenyeji anajisikia mwenyewe kwa lugha zote mbili. Anwani 127.0.0.1 na ::1 ni *mimi* ya kila kompyuta; ukiziita na moja isiitike, itifaki hiyo imezimwa. Pili, angalia programu ya kupokea inatega sikio wapi. Iliyowekwa kwenye 127.0.0.1 inajisemesha yenyewe. Mgeni hawezi kuifikia hata mkikaa meza moja, na nimeona watu wakilaumu Wi-Fi kwa jambo hilo. Iliyowekwa 0.0.0.0 inasikia wageni wa IPv4 tu. Kwenye Linux, kwa kawaida, iliyowekwa :: inasikia wote, na mgeni wa IPv4 anaonekana akiwa amevaa nguo ya IPv6, anwani yake ikitanguliwa na ::ffff:. Mifumo mingine hutaka masikio mawili mbalimbali, basi weka yote mawili.

Kuna anwani moja ambayo naiona ni zawadi kwa darasa la pragmatiki. Kompyuta yenye IPv6 hujipa yenyewe anwani inayoanza na fe80, hata kama hakuna seva wala intaneti. Inafaa sana porini. Ila anwani hiyo ina maana kwenye kiungo kimoja tu, na kompyuta yenye Wi-Fi na waya inaweza kuwa na jirani wa fe80 kila upande. Kwa hiyo unalazimika kuongeza alama ya asilimia na jina la kiungo, kwa mfano %wlan0. Wahandisi walikubali kwamba *hapa* haijitoshelezi, wakaipa nafasi ya kutaja ni hapa ipi.

Jaribio la mwisho ni la ukatili kidogo: zima IPv4 kabisa, fungua programu moja moja, na andika ni ipi iliyonyamaza. Yetu ya FTP ilinyamaza, kwa sababu anwani ya seva ilikuwa imeandikwa kwa namba kwenye faili lake la mipangilio. Tukaiweka pembeni, seva ikapewa jina, na sasa tunatumia rsync juu ya SSH. Hiyo hupitisha kila kitu kwenye njia moja iliyokwisha kufunguliwa, kwa itifaki yoyote, na ukiielekeza hivyo huendelea ilipoishia mtandao unapokatika. Kwa Niemba kuendelea ilipoishia si anasa. Saa moja ya sauti ya herzi 48,000, biti 16, mkondo mmoja, ni megabaiti 346 hivi. Mtandao ukipitisha kilobaiti 10 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa tisa na nusu. Kwa FLAC tuliipunguza karibu nusu bila kupoteza sauti hata chembe, tukaiacha ikipanda usiku kucha huku betri ikichungwa kwa zamu. Saa kumi na moja alfajiri faili la mzee lilikuwa Lubumbashi, na saa mbili tukampelekea habari.

Kazi imebaki kwetu sisi wa lugha. Aliyeandika sauti hiyo kwa maneno, akiwa Lubumbashi na vipokea sauti masikioni, ameturudishia orodha ya maswali: mzee anasema *hapa palikuwa na kijiji*, anasema *mto huu*, anasema *walipita pale*, na mkono aliounyosha hauko ndani ya faili. Jedwali letu la sauti sasa lina safu mbili mpya, mahali msemaji alipokaa na upande alioelekea. Faili lile lina *hapa* kumi na nne. Kumi na moja tumezijaza kutoka kwenye daftari, na tatu zinamsubiri mwenzetu atakayerudi Niemba mwezi ujao.